Njiwa wa Mtaa wa Cobden

Kila asubuhi, kabla Bev Sugden hajafunguliwa mlango aende shule, mama yake alibandika sikio kwenye mbao na kusikiliza ngazi. Akisikia kimya, alisema, "Nenda, haraka." Akisikia sauti za akina Stott wa ghorofa ya juu, alimrudisha Bev mezani, akamkatia kipande kingine cha mkate, wakangoja.

Akina Stott walikuwa watatu, baba na wanawe wawili wakubwa, na hawakujua kuzungumza bila kupigana. Kiti kilivunjwa juu ya dari ya akina Sugden leo, kesho sahani. Mara moja birika la chai lilipita dirishani likapasuka uani, hatua mbili kutoka alipokuwa Bev. Majira ya baridi yaliyopita Bev alikuwa na homa, na mama yake, Joyce, alipanda juu kuwaomba wapunguze makelele. Stott mzee alimsukuma kifuani. Joyce aliviringika ngazi kumi na nne na kuvunjika kifundo cha mkono. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Tangu siku hiyo, katika jiko la shule alikofanya kazi, Joyce aliinua masufuria kwa mkono wa kushoto.

"Humu tutatolewa tumebebwa," alisema jioni moja.

"Tutatoka kwa miguu yetu," alijibu baba yake Bev, Derek, fundi wa mabasi. "Tunanunua nyumba."

Waliitazama nyumba ya Mtaa wa Cobden Jumamosi moja mchana. Ilikuwa nyumba ya matofali mekundu, imebanana na jirani zake kama zilivyo nyumba zote za sehemu ile ya mji wa Barnsley, Uingereza, lakini juu yake hapakuwa na mtu yeyote, ila bomba la moshi na mawingu. Bev aliipenda kwa hilo tu.

Mwenye nyumba, Bi Pauline Haigh, alikuwa mwanamke mwembamba aliyesema upesi upesi. "Naishi peke yangu tangu baba afariki. Hapa sebule, hapa jiko, juu vyumba viwili na stoo."

"Stoo imefungwa," alisema Joyce akijaribu kitasa.

"Ufunguo umepotea, mpenzi. Takataka tu mle ndani."

Uani palikuwa na kibanda cha njiwa kilichopakwa rangi ya kijani na nyeupe. Ndani mlisikika mbawa na milio laini. "Walikuwa wa marehemu baba," alisema Bi Pauline kabla hajaulizwa. "Kuna mtu atakuja kuwachukua." Derek hakupenda ndege. Alirudi ndani kugonga mabomba ya maji.

Wakubwa walipokuwa jikoni, Bev alipanda tena juu na kuchungulia tundu la ufunguo la ile stoo. Aliona kitanda kilichotandikwa. Aliona buti moja la kazi chini ya kiti. Juu ya kiti palikuwa na bakuli la kunyolea ndevu, na povu lake lilikuwa bado halijakauka.

Alishuka kimya.

Jumatatu shuleni, Trevor Lumb wa darasa lake alimfuata hadi kwenye uzio. Trevor alikaa Mtaa wa Cobden huo huo.

"Eti mnanunua nyumba ya Ray Haigh?"

"Ya Bi Pauline."

"Ya Ray pia, kaka yake. Yule mwenye mguu wa bandia, wa njiwa. Jumamosi huwa kwenye mashindano ya ndege, ndiyo maana hamkumwona. Mwezi uliopita alimpasua muuza maziwa kichwa kwa chupa yake mwenyewe, kisa gari lake limewashtua njiwa. Mtamkoma!"

"Nyamaza, Trevor."

"Nyamaza wewe! Mimi nakwambia kwa wema."

Bev alimkaba kola, akamgonga kwenye uzio hadi waya zikalia. "Ukimwambia mtu yeyote nitakung'oa meno."

Trevor alimkodolea macho. Bev alimwachia, akaitazama mikono yake mwenyewe. Maneno yale aliyajua. Aliyasikia kila juma kupitia dari.

Sasa ilibaki kutafuta wakili wa kusimamia ununuzi. Bwana Crabtree, dalali wa nyumba, alikuwa na jibu tayari. "Tunaye wakili wetu, mji wa pili. Bei nafuu, haraka, wala hasumbui watu kwa maswali."

"Safi kabisa," alisema Derek.

"Na wewe ukimpelekea mteja, anakulipa?" aliuliza Joyce.

Dalali alikohoa. "Kuna kitu kidogo, ndiyo. Ni kawaida."

"Basi huyo ni wakili wako, siyo wangu."

Kesho yake jikoni shuleni, Joyce aliwauliza wenzake watatu waliowahi kununua nyumba. Hakuwauliza nani ana bei ya chini. Aliwauliza, "Mambo yalipokwenda mrama, nani alipokea simu yako mwenyewe?" Wawili kati yao walitaja jina moja, Bi Winifred Oldroyd.

Ofisi ya Bi Oldroyd ilikuwa juu ya duka la samaki na viazi vya kukaanga, na kila karatasi iliyotoka humo ilinukia mafuta na siki. Alikuwa na miaka sitini na ushee, miwani mizito, na kalamu aliyoinyooshea watu kama kijiti cha mwalimu. Kabla hawajakaa vizuri alishawaambia jumla ya malipo yake, na kwamba kazi yao ataifanya yeye, siyo karani.

"Nisikilizeni," alisema. "Siku ya kufunga mkataba, mimi na wakili wa Bi Haigh tutapigiana simu. Mpaka simu ile, yeyote kati yenu anaweza kujitoa. Baada ya simu ile mmefungwa. Mkijitoa, asilimia kumi ya bei inakwenda na maji. Kwa hiyo kila swali liulizwe kabla."

Naye aliuliza. Aliuliza mfereji wa maji machafu unapita wapi, ukuta wa uani ni wa nani, kama paa limewahi kuvuja, nani ana haki ya kupita kichochoro cha nyuma. Derek alianza kutazama saa. Kisha Bi Oldroyd akavua miwani.

"Bi Haigh ameandika kwamba anaishi peke yake. Mlimwona mtu mwingine? Au dalili ya mtu?"

"Hakuna," alisema Derek.

"Kulikuwa na stoo imefungwa," alisema Joyce.

"Nitaiulizia." Aliandika. Kisha kalamu ikamgeukia Bev. "Na wewe, binti? Watoto huona vya chini ya meza."

Bev aliliona lile povu. Nyuma ya povu aliona ngazi kumi na nne, na mama yake amelala chini yake mkono umepinda. Wakisema kuna mtu, nyumba itapotea. Nyumba ikipotea, watabaki na akina Stott.

"Hakuna," alisema.

Bi Oldroyd alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akavaa miwani yake. Baada ya wiki mbili jibu la Bi Pauline kuhusu stoo lilifika, mstari mmoja tu: vitu vya zamani. Simu ikapangwa kupigwa Jumatatu, saa nne asubuhi.

Jumatatu hiyo shule zilikuwa zimefungwa kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Derek alichukua tepu ya kupimia. "Twende tukapime madirisha, mama yako aanze kushona mapazia," alimwambia Bev. Bi Pauline alikuwa amewaomba wasije bila kutoa taarifa, lakini Derek hakuona ubaya. Walipita kichochoro cha nyuma, wakafungua lango la uani.

Mwanamume mpana alikuwa amesimama kwenye kibanda, njiwa mikononi. Mguu wake mmoja ulikaa wima kama gogo.

"Mnataka nini uani kwangu?"

"Samahani, bwana," alisema Derek. "Wewe ndiye uliyekuja kuchukua ndege? Sisi ndio tunaonunua nyumba."

Mtu yule alimrudisha njiwa kibandani taratibu, akafunga mlango mdogo kwa kidole kimoja. Aliufunga kwa upole mno hata Bev akadhani mambo yamekwisha salama.

"Nyumba gani?" aliuliza.

"Hii. Bi Haigh anatuuzia."

Ray Haigh alichukua beleshi la makaa lililoegemea ukuta na kumpiga nalo Derek.

Derek aliinua mkono kujikinga. Bev alisikia mfupa ukivunjika, sauti kavu kama ya kijiti cha kuwashia moto. Beleshi lilikuja tena na kumpata begani, na Derek akaanguka juu ya rundo la makaa. "Baba!" Bev alipiga kelele. Ray hakumsikia. Alikuwa amegeukia dirisha la jikoni. Aliupiga mlango, akapiga kioo, akapiga vyungu vya maua kimoja kimoja. Bi Pauline alitoka amevaa aproni, na Ray akamshika shingo na kumbamiza ukutani.

"Umeuza! Umeuza bila kuniambia! Nimeilipia nyumba hii kwa mguu wangu, Pauline! Kwa mguu wangu!"

Mama yake Trevor, Bi Lumb, alipanda juu ya ukuta wa uani na nguo zake za kulalia, akamwaga ndoo nzima ya maji baridi ya kudekia juu ya kichwa cha Ray. Ray alimwachia dada yake. Wanaume wawili wa mtaani walimrukia, ikawa ngumi na mateke, mpaka wakamkalisha chini. Hapo aliacha kupigana ghafla. Aliwatazama njiwa wake waliokuwa wakijipigapiga kwenye waya kwa hofu, akaanza kulia kwa sauti.

"Msiwatishe," alisema. "Tafadhali, msiwatishe."

Bev alipiga magoti kando ya baba yake. Damu ilikuwa imechanganyika na vumbi la makaa, haikuwa nyekundu tena. Derek alifungua midomo. "Mama yako," alisema. "Simu."

"Nimeshaita gari la wagonjwa," alisema Bi Lumb. "Kaa naye, kipenzi."

Lakini Bev alikuwa anafikiria simu nyingine. Kupitia dirisha lililovunjika aliiona saa ya jikoni. Saa tatu na dakika arobaini.

"Shika mkono wake, Bi Lumb," alisema. "Ule mzima."

Akakimbia. Alikimbia kichochoro chote, akateremka mlima wa sokoni, akavuka barabara mbele ya basi lililompigia honi. Alianguka mbele ya kanisa, akachubuka magoti yote mawili, akainuka. Muuza samaki alimpigia kelele, "We mtoto, umefanya nini?" kwa kuwa sweta lake lilikuwa na damu mpaka kwenye viwiko. Bev alipanda ngazi za ofisi akitumia mikono na miguu.

Bi Oldroyd alikuwa ameketi, faili limefunguliwa, mkono u juu ya simu.

"Usipige!" Bev alisema. "Bi Oldroyd, usipige!"

"Damu hiyo ni ya nani?"

"Ya baba. Kuna mtu anaishi pale. Nilijua. Niliona kitanda na buti na povu la kunyolea, na Trevor aliniambia, nami nikakudanganya. Amemvunja baba mkono kwa beleshi."

Simu ililia. Ilikuwa saa nne kamili. Bi Oldroyd aliiacha ilie.

"Mtu gani?"

"Kaka yake. Hakujua nyumba inauzwa. Alikuwa anawalisha njiwa."

"Njiwa?" Bi Oldroyd alisimama. "Hakuna aliyeniambia pana njiwa! Baba yangu alifuga njiwa wa mashindano miaka thelathini, mwanangu. Mfugaji hawezi kukaa mbali na kibanda hata siku mbili. Penye njiwa walioshiba pana mtu anayelala hapo."

"Alisema ameilipia nyumba kwa mguu wake."

Simu iliendelea kulia. Wakili akainua mkono wa simu, akasema kwa sauti iliyonyooka, "Oldroyd hapa. Hapana. Leo hatufungi mkataba. Mwulize mteja wako kaka yake ni nani." Akakata. Akamwita karani wake alete maji ya moto na kitambaa, akaanza kumsafisha Bev magoti yeye mwenyewe.

Hospitalini, Derek alilala na mkono ndani ya plasta na bega limefungwa. Bev alimweleza mama yake yote, kuanzia tundu la ufunguo. Joyce alisikiliza bila kumkatiza. Mwisho alisema, "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya ngazi," alisema Bev.

Joyce alimvutia kifuani kwa mkono wake wa kushoto. "Mpumbavu wangu mdogo. Ulidhani nitapona nikitolewa kwenye ngazi na kupelekwa kwenye beleshi?"

Jioni hiyo dalali Crabtree alipiga simu wodini. Kulikuwa na mnunuzi mwingine, alisema, tena anaongeza dau. Wasipofunga mkataba wiki hii wataikosa nyumba.

"Mpe huyo," alisema Joyce. "Ila mwelekeze na beleshi lilipo."

Mnunuzi mwingine hakuonekana tena.

Polepole Bi Oldroyd alifukua mambo yote. Miaka kumi na tisa nyuma, Ray alipondwa mguu mgodini, na fidia aliyolipwa iliingia yote kwenye ununuzi wa nyumba ile. Jina lililoandikwa kwenye hati lilikuwa la Pauline peke yake, kwa kuwa Ray alikuwa hospitalini siku ya kutia sahihi, na hakuna aliyerudi kulirekebisha. Mgodi ulipofungwa, Pauline alitaka kuhama mji. Aliogopa ngumi za kaka yake, akaamua auze kwanza, amwambie baadaye.

"Yaani tungekuwa tumenunua na mtu ndani?" aliuliza Derek.

"Mngefungwa na mkataba saa nne ile. Amana, ile asilimia kumi, ingekuwa imeshatoka. Halafu mahakamani Ray angesema, nami nimeilipia nyumba hii na ndimo ninamoishi, na huenda hakimu angemwacha humo. Mngekuwa na mkopo wa benki, na Ray, na akina Stott pia, kwa kuwa hamngekuwa na pa kwenda."

Ray alifikishwa mbele ya hakimu. Alipewa miezi ya kufanya kazi za umma bila malipo na akakatazwa kumgusa tena Derek wala Pauline. Bi Oldroyd alisema hatapokea sahihi ya Ray mpaka awe na wakili wake mwenyewe, asiyelipwa na dada yake. Sahihi iliwekwa kwenye karatasi ya kuridhia mauzo, na fungu la Ray likaandikwa ndani ya mkataba. Sharti la mwisho lilikuwa kwamba Ray awe amehama, na vyumba vyote vimefunguliwa na kukaguliwa, kabla simu yoyote haijapigwa.

Ilichukua miezi mitatu. Miezi mitatu dari ilitikisika, na Joyce alibandika sikio mlangoni. Wiki moja kijana mkubwa wa Stott alipiga teke mlango wao hadi bawaba ikang'oka. Bev alitamani mara nyingi kwamba mambo yangekwenda haraka.

Siku ya kutia sahihi upya, Bi Oldroyd alimnyooshea kalamu. "Haya, binti. Umeona nini safari hii?"

Bev alivuta pumzi. "Stoo iko tupu, ila ukuta una ufa nyuma ya pale palipokuwa na kitanda, mkono wangu unaingia mpaka hapa. Bomba la bafuni linavuja ukilifunga kwa nguvu. Bi Lumb anaanika nguo kwenye kamba iliyofungwa upande wetu. Na njiwa watatu wamerudi. Ray alihamia bondeni akawachukua wote, lakini hao watatu wamerudi."

"Watakuwa wakirudi. Hawajui mikataba." Bi Oldroyd alikuwa akiandika yote, hata kamba. Kisha akaweka kalamu chini.

"Sikia, Bev. Mimi siingii ndani ya nyumba ya mtu. Nasoma karatasi, na karatasi inasema kile ambacho mwenye nyumba amependa kusema. Macho yangu ni ninyi. Pauline alificha ili asipigwe, nawe ukaficha ili mama yako asipigwe tena. Sikulaumu kwa kuogopa. Lakini beleshi lile halikumwangukia aliyeficha. Lilimwangukia baba yako aliyeingia uani hajui kitu. Ukweli uliodhani utawanyima nyumba ndio uliowapatia."

Saa nne kamili alipiga simu. Haikuchukua hata dakika mbili.

Asubuhi ya kwanza Mtaa wa Cobden, Bev alivaa begi lake la shule akasimama mlangoni. Joyce alifuta mikono, akaja, akabandika sikio kwenye mbao kama kawaida yake.

"Mama," alisema Bev. "Hakuna ngazi huko nje."

Joyce alibaki vile vile, sikio mlangoni. "Nasikia kitu," alisema.

Bev naye akabandika sikio. Juu ya paa, mbawa zilipigapiga, zikatulia, kisha ukaja ule mlio laini.

"Ni yule wa kijivu tena," alisema. "Jioni nitamtia kikapuni, Bi Lumb ampelekee Ray."

"Mpe na mahindi kidogo kwanza," alisema Joyce. "Ametoka mbali." Akafungua mlango wote, wazi kabisa, na kuuacha hivyo.